Saratani ya Seli Zilizo Ndogo: Fasili ya Istilahi

Mgonjwa atokaye katika hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu, nchini Kenya, na karatasi ya maabara mkononi huwa amekwisha kuambiwa jina la maradhi yake, yaani saratani ya mapafu, na aghalabu yeye na jamaa zake hudhani kwamba kwa kuambiwa jina hilo wameambiwa yote. Ilhali jina hilo ni la ukoo tu, na ndani ya ukoo huo mna maradhi mbalimbali yasiyofanana kwa mwendo, wala kwa dawa, wala kwa matarajio. Maneno yanayoyatenga yameandikwa kwa Kiingereza katika karatasi ile ile, na yafasiriwapo kwa Kiswahili huwa “saratani ya seli ndogo” na “saratani isiyo ya seli ndogo”. Nia yangu ni kuieleza istilahi hii, kwa kuwa tafsiri yake iliyozoeleka ina kasoro ya sarufi iwezayo kumdhuru msikiaji.

Saratani ni neno tulilolipata kwa Waarabu, ambao kwao ni jina la kaa na la burji ya nne katika falaki. Seli ni sehemu ndogo kabisa ya mwili iliyo hai, na wengine huiita chembe hai. Tabibu wa maabara hupokea kinofu kilichotolewa pafuni, ama kwa mpira wenye kamera uliopitishwa puani au kinywani, ama kwa sindano iliyopenyezwa kati ya mbavu, akakitazama kwa hadubini. Na huko huona seli za namna mbili kuu. Za kwanza ni ndogo mno, zimesongamana, na kiini cha kila moja kimeijaza karibu seli nzima. Waingereza wa zamani walizilinganisha na punje za oti. Zote zilizobaki, kwa kuwa hazikuwa hivyo, zikaitwa zisizo ndogo, na hizo ndizo nyingi zaidi, takriban 85 katika kila wagonjwa 100.

Sasa itazamwe sarufi. “Saratani” na “seli” zimo katika ngeli moja, na sifa ya -dogo ikiifuata mojawapo hutamkwa “ndogo” tu, pasipo kiambishi cha kumwonyesha msikiaji ni ipi isifiwayo. Kwa hiyo kijana amfasiriaye mama yake maneno ya daktari, akisema, “Mama, ni saratani ya seli ndogo,” mama husikia udogo ukielekea kwenye saratani, akashukuru kwamba maradhi ni madogo, na pengine akaona hapana haja ya kuuza ng’ombe kwa ajili ya nauli na vipimo kabla ya bonasi ya majani chai kulipwa. Kinyume chake, aambiwaye kwamba yake “si ya seli ndogo” hufadhaika akidhani ndiyo kubwa. Hakika ni kwamba udogo ule ni wa seli peke yake, na saratani ya seli hizo ndiyo iendayo mbio kuliko zote za mapafu.

Dawa ya kasoro hii imo katika Kiswahili chenyewe. Tukisema “saratani ya seli zilizo ndogo”, kiambishi zi- cha wingi hakiwezi kushikamana na saratani, ambayo ni moja, bali hushikamana na seli tu. Na tukisema “saratani ya seli zisizo ndogo”, maana hubaki bayana vile vile. Tofauti ni ya silabi chache, nami ningependa kila muuguzi na kila mwalimu wa afya aizoee.

Tofauti ya majina ndiyo tofauti ya tiba. Saratani ya seli zilizo ndogo aghalabu huwapata wavutao tumbaku, nayo ni nadra kukatwa, maana wakati igunduliwapo huwa imekwisha kusambaa. Tiba yake ni kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, mara nyingi cisplatin au carboplatin pamoja na etoposide, na ikiwa ingali upande mmoja wa kifua huongezewa mionzi. Huitikia dawa upesi, hata jamaa wakadhani imekwisha, kisha aghalabu hurejea. Jambo hili mgonjwa ana haki ya kuelezwa mapema, kwa upole.

Saratani ya seli zisizo ndogo hugawanyika tena: kuna ya seli za tezi, iwapatayo hata wasiovuta sigara kamwe, kuna ya seli bapa, ipendayo njia kubwa za hewa, na nyinginezo. Hapa neno hatua, yaani kiasi ambacho saratani imeenea, huwa na uzito mkubwa. Katika hatua ya kwanza na ya pili, mpasuaji aweza kuondoa sehemu ya pafu kwa nia ya kuponya; mwaka 1933, katika mji wa St. Louis, Marekani, Evarts Graham aliondoa pafu zima la mgonjwa wa saratani, naye mgonjwa akaishi miaka mingi baada yake, ilhali Graham mwenyewe, aliyekuwa mvutaji sigara, alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1957. Katika hatua ya tatu hutakiwa aghalabu kemo na mionzi pamoja. Katika ya nne, tiba ni dawa zipitazo mwili mzima, na kwa baadhi ya wagonjwa ambao jeni za uvimbe wao zimepimwa zikakutwa na hitilafu maalumu, vidonge vilengavyo hitilafu hiyo hufaa kuliko kemo. Wengine hufaidika kwa dawa ziamshazo kinga ya mwili.

Yote hayo hutegemea kinofu kupatikana mapema, na katika nchi yenye kifua kikuu kingi kama Kenya hapo ndipo wakati upoteapo, kwa kuwa kikohozi, damu katika makohozi na kukonda ni dalili za maradhi yote mawili. Atumiaye dawa za kifua kikuu pasipo vijidudu kuonekana katika makohozi, wala nafuu kupatikana, na aombe picha ya skani na kinofu. Kemo hutolewa Meru na Embu. Kwa mionzi, aghalabu husafiri hadi Nairobi.

Limebaki neno moja, tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu, pumzi fupi na huzuni, ambalo wengi hulisikia kama kukatiwa tamaa. Mwaka 2010 matabibu wa Boston walichapisha matokeo kwamba wagonjwa wa saratani ya seli zisizo ndogo iliyokwisha kusambaa, walioanzishiwa tiba hiyo mara tu baada ya kugunduliwa, waliishi kwa nafuu zaidi na pia kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Meru ina hospisi yake, na Embu na Mbeere zina yao, na mgonjwa aweza kuziendea tangu wiki ya kwanza, huku kemo ikiendelea.