Kujua Kusoma na Kudumu Kusoma

Wapenzi wa lugha, kujua kusoma ni jambo moja. Kudumu katika kusoma ni jambo jingine. Historia ya Kanda ya Ziwa yatufunza tofauti hiyo.

Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa Kisomo Chenye Manufaa ulianza katika mikoa ya ziwa kwa msaada wa UNESCO, makao yake Mwanza. Mkoa wetu, uliokuwa Ziwa Magharibi kabla ya kuitwa Kagera, ulikuwamo. Watu wazima walijifunza herufi kupitia kazi zao: migomba, pamba, uvuvi. Kitaifa, wasiojua kusoma walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975.

Hapo likazuka swali: aliyehitimu asome nini kesho? Maana asiyesoma husahau. Ndiyo sababu zikaanzishwa maktaba vijijini, na mwaka 1974 gazeti la Elimu Haina Mwisho. Utotoni, upande wa Muleba, niliwaona wazee wakisomeana kwa sauti. Asiye na miwani alisikiliza, akabisha.

Nilipotoka chuo cha ualimu nikafundisha sekondari Bukoba, niliona vijana wenye vyeti wasiofungua kitabu tena baada ya mtihani. Simu haikuwapo bado, hivyo tusiitwike lawama yote. Walichokosa ni andiko la kungojewa na mwenzi wa kusomeana.

Nawasihi washairi: someni ubeti mmoja kila jioni, kwa sauti, mbele ya msikilizaji. Kibanja kisichopaliliwa humezwa na magugu.