Kabati Lenye Kufuli

Ndugu Mhariri ameniomba niandike historia fupi ya maktaba yetu, akijua kwamba mwaka 1977 mimi ndiye niliyekuwa kiranja wake. Nimekubali, ingawa habari hii ina sehemu isiyonipa sifa, nayo sitairuka.

Ninyi mlioko madarasani sasa huenda hamjui kwamba vitabu vyetu vilipangwa kwa umri wa msomaji, wala si kwa somo au jina la mwandishi. Rafu za chini, zenye utepe mwekundu, zilikuwa za Kidato cha Kwanza na cha Pili. Zile za juu, zenye utepe wa buluu, zilikuwa za Kidato cha Tatu na cha Nne. Pembeni lilisimama kabati la mninga lenye kufuli. Ufunguo mmoja alikuwa nao mwalimu, na wa pili niliuvaa mimi shingoni kwa kamba ya kiatu, kwa majivuno ambayo wenzangu wa bweni wanayakumbuka hadi leo.

Desturi ya wakubwa kuwachagulia wadogo cha kusoma haikuzaliwa kwetu. Kaka zetu wa enzi za Waingereza walisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya mwaka 1929 ya hadithi ya Rider Haggard. Mwaka uliofuata, 1930, iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kupitia miswada ya vitabu vya shule kabla havijachapwa. Mwaka 1948 likaja East African Literature Bureau, lililochapisha vitabu vingi tulivyovikuta rafuni. Kwa hiyo kitabu kilipofika mkononi mwa mtoto kilikuwa kimekwisha kupita katika mikono mingi, na mkono wa mwisho ulikuwa wa kiranja.

Sisemi kwamba utepe ule ulikuwa upuuzi. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta kila somo kwa Kiingereza, alihitaji ngazi ya kupandia. Vile vitabu vyembamba vya Kiingereza vilivyorahisishwa, ambamo Dickens alipunguzwa maneno hadi akaeleweka, vilituokoa wengi. Angepewa kitabu kizima siku ya kwanza angekirudisha kesho yake asirudi tena maktaba.

Lakini kwa Kiswahili mambo yalikuwa mengine. Chukueni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Kilibandikwa utepe mwekundu, nadhani kwa sababu ni chembamba na kinasimulia nchi inayoelea angani. Nilikisoma nikiwa Kidato cha Pili nikakifurahia kama ngano. Nilipokisoma tena Kidato cha Nne nilishtuka. Kumbe ni kesi! Mtu anasimamishwa barazani kwa sababu ametaka raia wafundishwe kujua haki zao, na mwandishi aliyaandika hayo chini ya serikali ya kikoloni. Sasa kitabu kile kilikuwa cha umri gani? Hali kadhalika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1963, ilikaa rafu ya juu, ilhali vijana wa Kidato cha Kwanza waliijua hotuba ya Antoni kwa moyo kwa kuwasikia wakubwa wakiifanyia mazoezi ya mchezo.

Nije kwenye kabati. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, hadithi ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa kwa ukali mwingi na kuharibikiwa alipokwenda mbali na nyumbani. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda, na baadaye kikaja kufundishwa madarasani. Shuleni kwetu kilikuwa bado mwiko mwaka ule wa 1977. Usiku mmoja nilimkuta kijana wa Kidato cha Pili akikisoma chini ya blanketi kwa tochi. Kilikuwa chake, alikuja nacho sandukuni. Nilikichukua, nikampeleka kwa mwalimu wa zamu. Alipewa wiki mbili za kufyeka majani nyuma ya jiko, na kitabu kikafungiwa kabatini.

Nami nilikuwa na ufunguo. Nilikisoma kwa usiku tatu.

Baada ya siku chache yule kijana alinifuata kwenye foleni ya uji, akaniuliza kwa adabu, "Kaka, Rosa aliishia wapi?" Nilimjibu angoje mpaka awe Kidato cha Nne. Mwisho wa mwaka alihamishwa shule. Nilipokabidhi ufunguo nilikitoa kitabu kile kwa nia ya kumpelekea, lakini sikumpelekea. Nimehama nacho nyumba nne.

Mwezi Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku vitabu 16 mashuleni, wajukuu waliniuliza nina maoni gani. Nilishindwa kuwajibu kama mtu asiyehusika. Mzazi ana haki ya kujua mtoto anapewa nini, hilo nalikubali. Ila namfahamu vizuri yule anayekaa na ufunguo, na najua anafanya nini taa zikizimwa.

Katika mkutano wetu wa mwaka huu nilikwenda maktaba mpya. Kanda hazipo tena, na kabati la mninga sasa linatunza chaki na mipira. Rosa Mistika kiko rafuni wazi, kimechakaa kwa kusomwa. Ile nakala yangu, yaani yake, nimemkabidhi Katibu wa chama ikiwa ndani ya bahasha. Jina la mwenyewe limeandikwa kwa wino wa buluu ukurasa wa kwanza, nami silitaji hapa. Ndugu yangu, ukisoma gazeti hili, kitabu chako kipo. Alama ya kijani kibichi, jani ulilokuwa umeweka usiku ule, sikuiondoa; iko ukurasa uleule, imekauka.