Vifungo vya nyaya za sola: Kitu kidogo kinacholinda paa zima

PANELI ya sola hununuliwa kwa matarajio kwamba itadumu miaka 25 au zaidi. Kifungo duni cha plastiki kinachoshikilia nyaya chini yake huweza kukatika baada ya mwaka mmoja au miwili tu. Hivyo basi, kifaa cha bei ya chini kabisa katika mtambo mzima ndicho ambacho mara nyingi huamua iwapo mtambo huo utabaki salama.

Suala hili lina uzito wa pekee katika mitaa kama Langas, kusini mwa jiji la Eldoret, Kaunti ya Uasin Gishu. Huko nyumba nyingi, zikiwemo zile za kupangisha ziitwazo ploti, zimeezekwa kwa mabati juu ya mbao na kujengwa zikikaribiana. Moto ukizuka juu ya paa la mmoja, jirani naye hana usalama.

Hatari ya waya unaoning'inia

Kifungo kikikatika, waya hulala juu ya bati. Kila upepo uvumapo, waya husugua kingo za bati, vichwa vya misumari na pembe za fremu ya paneli. Ganda lake huchakaa polepole hadi shaba iliyo ndani ikaachwa wazi.

Umeme wa paneli una tabia tofauti na ule wa Kenya Power. Ule wa Kenya Power hubadili mwelekeo na kupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, jambo linalosaidia cheche kuzimika. Ule wa paneli hutiririka upande mmoja bila kukoma. Cheche ikishawaka huweza kuendelea na kuwasha chochote kilicho karibu. Isitoshe, maadamu ni mchana, nyaya za paneli zina umeme hata kama swichi kuu ya nyumba imezimwa. Paneli 10 zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikitoa volti 40 hivi, hufikisha volti 400.

Hata makampuni makubwa duniani yamekumbwa na mashaka haya. Mnamo Agosti 2019, kampuni ya maduka ya Walmart nchini Marekani iliishtaki Tesla, ikidai kwamba mioto iliyozuka juu ya mapaa ya maduka yake saba ilitokana na uzembe katika mitambo ya sola. Miongoni mwa kasoro ilizotaja ni nyaya zilizoachwa zikining'inia. Pande hizo mbili zilisuluhishana Novemba mwaka huo.

Jua la nyanda za juu

Eldoret iko karibu na Ikweta, katika mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Miale ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya jua isiyoonekana kwa macho lakini inayoharibu plastiki, huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kwa hivyo, chini ya anga lililo sawa, plastiki iliyoko Langas hupigwa na miale mikali kuliko iliyoko Mombasa.

Wengi hudhani kwamba kivuli cha paneli kinatosha kuikinga plastiki hiyo. Kivuli husaidia, lakini bati jipya hurudisha mwanga juu, na asubuhi na jioni jua hupenya kutoka ubavuni. Aidha, joto la nyuma ya paneli huweza kupita nyuzi 60 mchana, ilhali usiku wa Eldoret ni wa baridi. Nailoni huhitaji unyevu kidogo ili isiwe ngumu. Inapokauka wakati wa kiangazi, hukosa unyumbufu na kuvunjika kama kijiti.

Aina za vifungo

Nailoni nyeupe. Huu ni ule mkanda wenye meno madogo unaopitishwa kichwani mwake na kuvutwa hadi ukakaza. Unafaa ndani ya nyumba. Juani hupasuka upesi, na haufai kabisa kwenye paa.

Nailoni nyeusi iliyokingwa dhidi ya jua. Hii huchanganywa na masizi maalumu, kwa kawaida asilimia 2 hivi, ambayo humeza miale kabla haijaharibu plastiki. Hudumu zaidi kuliko nyeupe, lakini haitarajiwi kufikia umri wa paneli. Ikumbukwe kwamba si kila cheusi kimekingwa. Vingine vimetiwa rangi tu.

Nailoni 12. Nailoni ya kawaida sokoni huitwa nailoni 6.6. Nailoni 12 hunyonya maji kidogo zaidi na huhimili jua na baridi kwa muda mrefu zaidi. Bei yake ni ya juu, na si kila duka la hadwea huiuza.

Chuma cha pua. Mkanda wa chuma hiki hauogopi jua. Daraja la 304 linatosha katika hewa ya Eldoret. Daraja la 316, linalostahimili chumvi, ndilo linalofaa Mombasa, Malindi au Lamu. Kasoro yake ni kwamba ukikazwa moja kwa moja juu ya waya, kingo zake huweza kukata ganda. Unaofaa ni ule uliovikwa plastiki, au waya uvikwe mpira kwanza.

Vibanio vya fremu. Hivi ni vipande vya chuma cha pua vinavyobanwa kwenye ukingo wa fremu ya alumini ya paneli bila kutoboa tundu. Kila kimoja hushika waya mmoja au kadhaa. Kwa nyaya za nyuma ya paneli, hivi ndivyo bora kuliko vyote, mradi unene wa fremu na wa nyaya ulingane na vipimo vya kibanio.

Vipo pia vya kuepukwa. Waya laini wa kufungia vyuma vya ujenzi hushika kutu na kukata ganda. Vipande vya tyubu ya baiskeli hupasuka juani. Waya wa shaba ulio wazi, maji ya mvua yakipita juu yake na kutiririkia bati, huharakisha kutu kwenye bati hilo.

Mambo ya kuzingatia dukani

Mnunuzi aangalie pakiti kabla ya bei. Pakiti nzuri hutaja jina la mtengenezaji, aina ya nailoni, kiwango cha joto na uwezo wa kuhimili miale ya jua. Kiwango cha kimataifa kinachohusu vifungo hivi ni IEC 62275. Vifungo vinavyouzwa kwa kuhesabiwa, bila pakiti wala jina, havina ushahidi wowote.

Ufungaji na ukaguzi

Kifungo bora kikifungwa vibaya ni kazi bure. Waya usikazwe hadi ganda libonyee, wala usipindwe kwa pembe kali. Nyaya zisiguse bati, na viunganishi visikae mahali maji yanapokusanyika. Kanuni za umeme za Marekani hutaka nyaya nyembamba za paneli zishikiliwe kila baada ya sentimita 60 au pungufu, kipimo ambacho fundi yeyote anaweza kukifuata.

Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli iliyoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya 2019.

Ukaguzi ufanywe angalau mara moja kwa mwaka, na Machi, kabla ya mvua za masika, ni wakati mwafaka. Kifungo kilichopauka au chenye nyufa kibadilishwe hata kama bado kimeshika. Waya uliochubuka usiguswe na mwenye nyumba, aitwe fundi.

Anayeanza upya atumie vibanio vya fremu pale vinapotoshea, na mkanda wa chuma uliovikwa plastiki kwingineko. Asiyemudu atumie nailoni nyeusi iliyothibitishwa, akijua kwamba atalazimika kuibadilisha zaidi ya mara moja kabla paneli hazijazeeka.