Moto wa Wazee, Ubao wa Chuo, Daftari la Shule

Butembo, mji wa Kivu Kaskazini nchini Kongo, iko jirani kabisa na mstari wa ikweta, ila imepanda zaidi ya mita 1,700, na jioni baridi yake humsogeza mtu motoni. Wanande, au Wayira kama wengi wanavyojiita, waliufanya moto huo kuwa shule. Kwenye ekyaghanda, yaani baraza lao la motoni, wanaume wa ukoo walikutana, wakaamua mashauri, na vijana wakapokea nasaba, methali na miiko. Hapakuwa na maandishi. Aliyesikia leo alitarajiwa siku nyingine aseme mwenyewe, na akikosea yupo mzee wa kumsahihisha.

Katika Kivu Kaskazini hiyohiyo, upande wa Walikale, Wanyanga walikuwa na mabingwa wa utendi waliojifunza kwa kuwa wasaidizi wa waimbaji waliowatangulia. Mwaka 1956 mmoja wao, Candi Rureke, aliyeitwa She-Karisi kwa ubingwa wake, alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, huku vijana wakipiga kijiti na kuitikia. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Kinachonishika zaidi ni kwamba Rureke alisema hajawahi kuusimulia wote kwa mfululizo. Desturi ilikuwa kipande leo, kipande siku nyingine. Kwa hiyo hakuwa na kitabu kizima kilicholala kichwani. Alikuwa na mifupa ya kisa: Mwindo anayekataliwa na baba yake Shemwindo, shangazi Iyangura, safari ya kuzimu. Nyama aliitia palepale, mbele ya wasikilizaji wake. Milman Parry na Albert Lord waliona jambo kama hilo Yugoslavia katika miaka ya 1930: mwimbaji anaapa kwamba amerudia neno kwa neno, na ukilinganisha maandishi unakuta maneno mengine.

Chuo cha Kurani cha pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, kina shabaha iliyo kinyume kabisa. Hapa hata herufi moja hairuhusiwi kupotea. Kwa desturi mtoto aliandikiwa aya ubaoni, akaisoma kwa sauti hadi ikamkaa, kisha akaenda mbele ya mwalimu kuisoma peke yake. Kosa lilirekebishwa hapohapo. Na aliyekwisha kuhifadhi juzuu zote 30 hapumziki. Huzirejea za zamani maisha yake yote, akijua kwamba asiporejea zitamtoka.

Mwalimu wa chuo angemwona Rureke mzembe wa maneno, na Rureke angemwona mwalimu mgumu mno. Lakini wote wawili humtaka mwanafunzi akitoe alichojifunza kifuani mwake, kwa sauti, mbele ya mtu anayejua. Na wote wawili hurudi tena na tena kwenye jambo lilelile, siku baada ya siku.

Watafiti wa kumbukumbu wamefika hapo kwa njia yao. Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alionyesha jinsi tunavyosahau haraka mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hushinda yaliyorundikwa mara moja. Frederic Bartlett wa Cambridge alionyesha mwaka 1932 kwamba mtu akikumbuka kisa hukijenga upya, jambo ambalo Rureke asingelishangaa. Kisha, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya kusoma. Kundi moja lilisoma kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kwa kipindi kimoja tu, halafu likaandika mara tatu yote linayoyakumbuka, bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha walibaki na asilimia 61, waliosoma tu na 40. Kusoma tena humfanya mtu adhani anajua, kumbe ameyazoea maandishi tu.

Sasa tazama madarasa mengi ya Butembo na Beni. Mwalimu anaandika ubaoni kwa Kifaransa, watoto wananakili, wanasoma tena na tena usiku wa kuamkia mtihani. Mtoto huyo nyumbani anasema Kinande na sokoni Kiswahili. Hukumu yangu ni kwamba shule imechukua madai ya chuo, neno kwa neno, ikaiacha njia yake ya kumsikiliza kila mtoto. Na kusimulia kwa maneno yako mwenyewe, kulikowakuza vijana wa ekyaghanda, hakuna mahali pake. Simlaumu mwalimu. Tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa pomoni. Wala siutamani moto wa zamani jinsi ulivyokuwa: wasichana hawakuketi pale, na elimu ya mama zao ilibaki jikoni.

Tangu Oktoba 2014, mauaji katika eneo la Beni yamezikimbiza familia nyingi, na watoto wanafika Oicha, Beni mjini au Butembo bila daftari. Kama somo lilikuwa daftarini tu, limebaki kijijini.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzetu: zitengeni dakika kumi za mwisho, daftari zifungwe. Watoto wa benchi moja waelezane somo wawili wawili, kwa Kinande au Kiswahili kwanza, kisha kwa Kifaransa. Msitoe alama. Kesho asubuhi waulizeni somo la leo, na wiki ijayo waulizeni tena. Hata darasa la watoto 80 linaweza kuanza kesho, na hakuna kitu cha kununua.