Bunduki ya kuwindia inatawanya risasi? Kabla ya kulaumu mtutu, angalia kitako na ringi za darubini

Bunduki ya kuwindia ikianza kutawanya risasi, wengi hulaumu mtutu. Lakini mara nyingi tatizo ni dogo zaidi: kuna kitu kinacheza. Ama chuma kinacheza ndani ya kitako, ama darubini inacheza juu ya chuma.

Marekani, wapo wawindaji wengi wanaorekebisha hali hiyo wenyewe nyumbani kabla msimu wa kuwinda kulungu haujafunguliwa. Kazi ni mbili: kukalisha chuma kwenye kitako kwa gundi ya epoksi, na kufunga ringi za darubini inavyotakiwa.

Kucheza kidogo, hasara kubwa

Hesabu ni rahisi. Tuseme ringi mbili za darubini zimeachana sentimita 10. Moja ikisogea sehemu moja ya kumi ya milimita tu, kwenye shabaha iliyo mita 100 risasi itatua sentimita 10 kando ya pale ulipolenga.

Kwa mwindaji, hiyo ni tofauti kati ya mnyama kuanguka papo hapo na mnyama kukimbia na jeraha, akafie porini bila kupatikana.

Kitako cha mbao nacho kina tabia yake. Mbao hunyonya unyevu, huvimba na kujipinda, kisha huusukuma mtutu pembeni. Wadunguaji wa kikosi cha Marine cha Marekani waliliona hilo kwenye vita vya Vietnam. Bunduki yao ya M40, iliyotokana na Remington 700, ilikuwa na kitako cha mbao, na unyevu wa kule ukakisumbua. Toleo lililofuata, M40A1 la miaka ya 1970, likapewa kitako cha faibaglasi.

Kukalisha chuma kwenye kitako

Lengo ni kutengeneza kitanda kinachofuata umbo la chuma, ili kila bunduki ikipiga teke, chuma kirudi palepale.

1. Toa risasi zote. Hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole, kisha chomoa bolti.

2. Fungua skrubu, tenganisha chuma na kitako. Punguza mbao kidogo pale chuma kinapokalia ili gundi ipate nafasi. Sehemu muhimu ni nyuma ya kizuizi cha teke, yaani kile kipande cha chuma kilicho chini ya chemba kwa mbele.

3. Ziba matundu yote ya chuma kwa plastisini. Bandika tepu mbele, pembeni na chini ya kizuizi hicho. Upande wa nyuma usiwekwe tepu, ndio unaotakiwa kugusa gundi.

4. Paka nta au polishi ya viatu kila mahali gundi inapoweza kufika, hadi kwenye skrubu. Usiruke hatua hii. Ukisahau, chuma na kitako vinakuwa kitu kimoja na imekula kwako.

5. Changanya gundi kwa vipimo vya kwenye kopo, weka, kisha kalisha chuma taratibu. Usikaze skrubu kwa nguvu, maana utakipinda chuma na gundi itakauka ikiwa imeshika huo upinde. Futa iliyomwagika, acha kwa saa 24 au muda ulioandikwa kwenye kopo.

Kupima kama kazi imekubali, funga bunduki, weka kidole kati ya mtutu na ncha ya mbele ya kitako, kisha legeza skrubu moja polepole. Ukisikia mtutu unanyanyuka, bado kuna mkazo. Bunduki nyingi za kisasa pia zinataka mtutu usiguse mbao kabisa. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao, kiteleze bila kukwama mpaka karibu na chemba.

Ringi za darubini

Kwanza, kipenyo. Bomba la darubini huwa la milimita 25.4, 30 au 34, na ringi lazima zilingane nalo.

Safisha mafuta kwenye skrubu na matundu yake. Kaza kwanza vitako vya ringi, halafu laza darubini bila kukaza. Sogeza mbele na nyuma mpaka uone picha nzima bila kivuli. Kwa darubini nyingi za kuwindia, jicho hukaa kama sentimita 8 hadi 10 nyuma ya kioo. Ukisogea zaidi ya hapo, teke litakupasua nyusi.

Tumia pimamaji kuhakikisha msalaba wa ndani umesimama wima. Kisha kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, ukiacha nafasi sawa pande zote mbili za ringi.

Hapa ndipo wengi huharibu. Watengenezaji wengi wanataka nguvu isiyozidi nyutoni-mita 2, ambayo ni ndogo kuliko mkono unavyodhani. Ukizidisha, bomba linabonyea. Bisibisi yenye kipimo cha nguvu inakuokoa, na maelekezo ya mtengenezaji ndiyo ya mwisho.

Kabla hujashika bisibisi

Kitako kikiwa na ufa, au tundu la skrubu likiwa limekwisha meno, mpelekee fundi wa silaha.

Na kwa msomaji wa Tanzania au Kenya, silaha inamilikiwa kwa leseni. Waulize waliokupa leseni nani anaruhusiwa kuifungua kabla hujaigusa.

Kazi ikiisha, nenda uwanja wa shabaha ulioidhinishwa. Anza na mita 25, kisha 100, ukipiga risasi tatu tatu. Zikitua karibu karibu, hata kama si katikati, bunduki imetulia. Kuzileta katikati ni kazi ya vitufe vya darubini.