Stesheni iliyoazima jina la jirani

Abiria anayeteremka Clapham Junction, kusini-magharibi mwa London, akidhani amefika Clapham, bado ana mwendo wa kilomita moja na nusu hivi. Pale aliposimama ni Battersea.

Treni zilianza kukatiza hapo Mei 1838, reli ya kuelekea Southampton ilipofunguliwa kutoka Nine Elms, ila hazikusimama. Zingemshusha nani? Palikuwa na mashamba ya mboga na ya lavenda, ndiyo maana kilima cha jirani kinaitwa Lavender Hill. Reli nyingine zikafuata, zikakutana, na tarehe 2 Machi 1863 makampuni yaliyozoea kunyang'anyana abiria yakafungua stesheni moja ya kubadilishia treni. Likabaki jina. Battersea ilinuka moshi wa viwanda. Clapham ilikuwa makao ya wenye nazo. Likaazimwa la Clapham.

Stesheni ikazaa mtaa. Mwaka 1841 Battersea ilikuwa na watu kama 6,600. Kufikia 1901 walikaribia 169,000, wamejipanga katika safu za nyumba zilizobanana kati ya reli na reli. Ni wakazi hao ambao madiwani wao, mwaka 1913, walimchagua kuwa meya John Archer, mpigapicha mweusi ambaye baba yake alitoka Barbados.

Novemba 1895 mwandishi Oscar Wilde alisimamishwa hapo nusu saa nzima, mvua ikinyesha, kavaa sare ya wafungwa na pingu mikononi, akihamishiwa gereza la Reading. Watu walimcheka. Mahali pa kubadilishia treni ni pabaya kwa mwenye kufedheheka: kila treni huleta macho mapya, na anayesubiri hana kazi ila kutazama.

Asubuhi ya tarehe 12 Desemba 1988, karibu na stesheni hiyo, treni iliigonga nyingine kwa nyuma. Watu 35 wakafa. Waya wa zamani, ambao ulipaswa kuondolewa, uligusana na mtambo wa taa za ishara, na taa haikuwaka nyekundu. Uchunguzi ulionyesha kwamba fundi aliyeuacha alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13.

Leo treni kama 2,000 hupita hapo kwa siku. Nyumba za mafundi na makarani wa zamani zimekuwa za mabwanyenye, na madalali wanapozinadi, mara nyingi huandika Clapham.