Pipa la lutuku na katazo la miaka mingi



Lutuku iko inapikwa bado vijijini mwetu, hata kama imekatazwa tangu enzi ya babu zetu. Mbele ya kuamua la kufanya, tuangalie kwanza katazo hilo lilitoka wapi.

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Bruxelles juu ya biashara ya watumwa yalitia sahihi mkataba uliogusa pia pombe kali. Kongo yote ilikuwa ndani ya eneo lake. Mwaka 1919, mkataba wa Saint-Germain-en-Laye, Ubelgiji ikiwemo, ulikataza kutengeneza pombe hizo na hata kuwa na mitambo yake. Kwa miaka mingi mzungu alikunywa pombe kali yake bila shida, lakini Mkongomani hakuruhusiwa kuinunua. Basi pipa na tiyo vikaenda porini, mihogo na mahindi vikapikwa usiku.

Vita vya 1996 vilitupeleka Tanzania, Nyarugusu na Lugufu. Kule nako gongo ilikatazwa na sheria, na kule nako watu walijua pa kuipata. Oktoba 2005 meli zilianza kuturudisha toka Kigoma mpaka Baraka. Wengi walikuta mashamba yamekuwa pori, ao yanalimwa na mtu mwingine. Shamba linataka miezi. Pipa linataka siku chache tu. Wamama wengi walilipa masomo na dawa kwa feza ya lutuku, hata kama nyumba ya jirani ilikuwa inabomoka juu ya ulevi.

Ndiyo maana kuvunja pipa peke yake hakutoshi: kesho yake linanunuliwa lingine. Katika baraza za kijiji tunaomba mambo matatu. Mpikaji apewe nafasi ya kwanza katika likelemba, aanze kazi ingine. Kijiji chenyewe kikubaliane saa za kuuza, na mtoto asiuziwe hata kidogo. Na mlevi anayetaka kuacha asiachwe peke yake: aliyezoea kunywa sana akikata kwa gafula anaweza kutetemeka, hata kuanguka kifafa, kwa hiyo apitie kwanza kituo cha afya.

Wafadhili wetu, musituulize tu mapipa mangapi yamevunjwa. Mutuulize pia ni wamama wangapi wamepata kazi ingine.